Sekunde Tisini za Picha

Picha inatokea kwenye skrini. Mwanamke kapiga magoti kando ya baiskeli, mtoto kashika pampu, nyuma yao kuna ukuta wa matofali. Saa inahesabu kurudi nyuma kutoka 20. Ikifika sifuri kinasa sauti kinafunguka, na mtahiniwa anatakiwa aeleze kwa Kiingereza anachokiona, kwa muda usiopungua sekunde 30 na usiozidi 90. Upande wa pili hakuna mtu wa kuitikia "ehee" wala wa kutikisa kichwa. Kuna kamera, maikrofoni na mashine inayosahihisha.

Huo ni mfano wa swali moja la Duolingo English Test, mtihani unaofanyiwa nyumbani kwa kompyuta na ambao majibu yake hutoka ndani ya saa 48. Ulipata nguvu mwaka 2020, korona ilipofunga vituo vya mitihani duniani na vyuo vikuu vya Marekani na Kanada vikajikuta havina njia nyingi za kujua kama mwombaji anajua Kiingereza. Bei nayo iliusaidia. Kwa miaka kadhaa ulikuwa dola 49. Umepanda tangu hapo, lakini bado haufiki nusu ya ada ya IELTS, mtihani mwingine wa Kiingereza. Kwa kijana wa Mbeya au Kisumu anayejichangia ada mwenyewe, tofauti hiyo ni kodi ya chumba.

Si Duolingo peke yake inayotumia picha. Katika PTE Academic ya kampuni ya Pearson, mtahiniwa hupewa sekunde 25 za kutazama na 40 za kusema, na akinyamaza kwa sekunde tatu maikrofoni hufungwa, iwe amemaliza au hajamaliza. Mara nyingi picha yenyewe huwa ni grafu, ramani au mchoro wa mtiririko wa kazi fulani. CELPIP, mtihani unaotambuliwa na idara ya uhamiaji ya Kanada, una swali la kueleza tukio kwa dakika moja, halafu swali jingine la kubashiri nini kitafuata kwenye picha hiyohiyo. Mtihani wa Cambridge wa kiwango cha B2 huweka picha mbili mezani mbele ya watahini wawili wa damu na nyama. IELTS haina picha kabisa katika sehemu ya kuzungumza, jambo ambalo mtu anapaswa kulijua kabla hajatumia mwezi mzima kufanya mazoezi yasiyomhusu.

Palipo na mtihani, biashara haikosekani. YouTube imejaa walimu wanaouza vielezo: aya iliyoandikwa tayari, yenye mapengo matatu au manne ya kujaza majina ya vitu. Kwa Kiswahili kielezo hicho kingesomeka hivi: "Picha hii inaonyesha mandhari ya kuvutia sana. Mbele ninaona (kitu), na upande wa kulia ninaona (kitu kingine). Nyuma kuna (kitu cha tatu). Kwa ujumla, picha hii inanipa hisia za furaha na utulivu." Mwanafunzi anaikariri aya hiyo wiki mbili mpaka inatoka bila kukwama. Siku ya mtihani anaivaa kama kanzu ya kuazima: mabega yamebana, mikono imepita vidole. Picha ikija ya lori lililopinduka barabarani, kielezo bado kina hisia za furaha na utulivu.

Haki itendeke: kielezo kina faida moja. Humpa mtu aliyekauka koo sentensi ya kwanza, na sentensi ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote. Lakini faida inaishia hapo. Kinachobaki ni orodha. Mwanamke yupo, baiskeli ipo, mtoto yupo, ukuta upo. Msikilizaji amepewa bidhaa nne za dukani bila kuambiwa zinahusiana vipi. Wenye mitihani wameshaugundua mchezo. Pearson inawaonya watahiniwa waziwazi kwamba majibu ya kukariri huwapunguzia alama. Cambridge kwa upande wake huchapa swali juu ya picha zenyewe, kwa mfano kwa nini watu hawa wamechagua kufanya jambo hili mahali hapa, na anayeishia kuorodhesha vilivyomo hajalijibu.

Sasa irudiwe ile picha ya baiskeli, mara hii na mtu anayeitazama kweli. Atasema mwanamke anarekebisha gurudumu la nyuma, na huenda ni pancha, kwa sababu tairi limelala na mtoto amebeba pampu. Atasema mtoto hatazami pampu. Anatazama mikono ya mwanamke, pengine ni mama yake, pengine ndiyo mara yake ya kwanza kuona tairi likizibwa. Vidole vya mwanamke vina grisi, kwa hiyo kazi haikuanza sasa hivi. Hapo hakuna msamiati wa kutisha. Kuna "kwa sababu", "pengine" na "kwa hiyo". Maneno hayo matatu yamefanya kazi ambayo vivumishi kumi vya kielezo vimeshindwa.

Wataalamu wa ubongo nao walilijua jambo hili zamani. Mwaka 1972 Harold Goodglass na Edith Kaplan, wa Boston, walichapisha kipimo cha watu waliopoteza uwezo wa kusema baada ya kiharusi au jeraha la ubongo. Ndani yake mna mchoro mmoja uliozunguka dunia nzima. Mama anafuta sahani huku maji yakifurika kutoka kwenye sinki. Nyuma yake mvulana amepanda kigoda kinachoyumba ili aibe biskuti kabatini, na msichana amenyoosha mkono akingoja mgawo wake. Mgonjwa huambiwa aeleze kila kinachotokea. Daktari hangojei majina ya vyombo tu. Anasikiliza kama mgonjwa ataunganisha: mama hajaona maji, watoto wanatumia nafasi hiyo, kigoda kiko karibu kuanguka. Anayetaja sahani, maji, mvulana na biskuti bila kuvifunga pamoja amempa daktari habari nyingine kabisa kuhusu ubongo wake.

Basi kwa nini kijana mwenye akili timamu, aliyesoma Kiingereza tangu utotoni, hutoa orodha kama ya mgonjwa? Wengi husema ni upungufu wa maneno. Sababu hiyo haitoshi. Kijana huyohuyo akipewa kalamu na nusu saa ataandika insha ya kurasa mbili isiyotia aibu. Maneno anayo. Ambaye hajawahi kumpata ni mtu wa kumwambia: tazama hapa, niambie unaona nini, nami nakusikiliza.

Ushahidi uko kwenye karatasi za mitihani. Nchini Kenya, karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ina alama 60, na 30 kati ya hizo ni za stadi za kuzungumza. Nusu nzima! Lakini zote huandikwa. Mtahiniwa huulizwa kwa maandishi ni neno gani linatamkwa sawa na jingine, ni herufi ipi haisikiki, mkazo uwekwe wapi, na kama angeghani shairi hili mbele ya watu angetumia sauti gani na ishara zipi. Anaweza kupata alama zote 30 bila kufungua mdomo, hata kuomba maji. Wanafunzi wa Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu katika KCSE hiyohiyo wana karatasi ya tatu ya kuongea, ana kwa ana na mtahini. Hivyo Kenya inajua jinsi ya kupima mdomo. Inaupima katika lugha za wachache na kuuacha katika lugha ya kufundishia masomo karibu yote. (Kiswahili nacho hakijapona: fasihi simulizi, fani ya mdomo tangu enzi, hutahiniwa kimyakimya kwa kalamu.)

Tanzania hali ni kali zaidi. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili miaka yote, anaingia kidato cha kwanza na kukuta fizikia na jiografia zimegeuka Kiingereza. Njia salama ya kupita hapo ni kunakili ubaoni na kukariri. Mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne nao ni wa kuandika mwanzo hadi mwisho. Mtu anaweza kufika chuo kikuu akiwa amesahihishiwa maelfu ya sentensi zake za Kiingereza na asiwe amesikilizwa dakika tano mfululizo. Halafu anakuja kukutana na mtihani wake wa kwanza wa kuongea akiwa na miaka 24, mbele ya kamera, kwa dola. Ni ajabu akikimbilia kielezo?

Kinachouma zaidi ni kwamba kueleza picha si utamaduni mgeni huku. Kizazi kizima cha Waswahili kimelelewa na watu waliofanya kazi hiyo kwa kiwango ambacho hakuna mtihani unaokidai. Leonard Mambo Mbotela wa Sauti ya Kenya, na Charles Hilary aliyepita Radio Tanzania kabla ya kwenda BBC, waliwaonyesha mpira watu waliokaa gizani kando ya redio ya betri. Wote wawili walifariki mwaka 2025, na salamu nyingi za rambirambi zilitaja sauti zao. Sauti ilikuwa nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa mpangilio. Mtangazaji wa redio huanza na mahali: mpira uko upande gani, karibu na goli la nani. Kisha anasema nani anao, anafanya nini nao, nani anamjia. Kila baada ya muda anarudia matokeo na dakika, kwa sababu anajua kuna mtu ndio kwanza anafungulia redio. Hawezi kunyamaza sekunde tatu. Hawezi pia kusema picha inampa hisia za furaha na utulivu wakati beki amemchota mtu miguu.

Katika mabanda ya video kulikuwa na shule nyingine. Lufufu huko Tanzania na DJ Afro huko Kenya walijijengea jina kwa kusimulia filamu za Wamarekani, Wahindi na Wachina kwa Kiswahili, juu kwa juu, filamu ikiendelea. Wapo waliowacheka kwa kuongeza chumvi. Kweli waliongeza. Lakini ukiondoa chumvi unabaki na mtu anayetazama picha inayosogea, anachagua papo hapo kipi cha kutaja na kipi cha kuacha, anabashiri dhamira ya mhusika kutokana na jicho lake, na kuviweka vyote kwenye sentensi zinazoeleweka na umati wa watu waliolipa kiingilio. Ukimtoa mwalimu wa vielezo na kumweka DJ Afro kwenye kozi ya PTE, watahiniwa wangefaidi zaidi, hata kama Kiingereza chenyewe wangejifunzia kwingine.

Kutoka hapo mtu anaweza kupata njia ya mazoezi isiyogharimu chochote. Ichukuliwe picha yoyote ya gazeti: soko la samaki Feri, abiria wanaogombea mlango wa daladala, mafundi juu ya paa. Wawili wanakaa wamepeana mgongo. Mmoja ana picha, mwingine ana karatasi na penseli na haruhusiwi kuuliza. Mwenye picha anaeleza kwa dakika moja na nusu, mwenziwe anachora anachokisikia. Wakimaliza wanalinganisha.

Matokeo huchekesha, na humo ndimo mlimo na somo. Mchoraji ametia samaki lakini wanaelea hewani, kwa kuwa hakuambiwa kuna meza. Mwanamke mwenye ndoo ametazama ukuta badala ya wateja. Watu sita wamepangwa mstari mmoja kwa sababu msemaji alisema "kuna watu sita" akaenda zake. Lawama za mchoraji, "hukuniambia yuko nyuma!", humfundisha msemaji umuhimu wa mahali na uhusiano upesi kuliko maelezo ya mwalimu. Asiye na mwenzi karibu anaweza kurekodi ujumbe wa sauti, akautuma WhatsApp kwa ndugu aliye mbali, na picha yenyewe akaituma baadaye. CELPIP ina swali linalofanana sana na zoezi hili: mtahiniwa huonyeshwa kitu kisicho cha kawaida na kutakiwa amweleze mtu asiyekiona.

Mara ya kwanza zoezi lifanywe kwa Kiswahili. Walimu wengi wa lugha wataguna, maana wamezoea kibao cha "hapa tunazungumza Kiingereza tu". Lakini asiyeweza kuipanga picha kwa lugha anayoiota usiku hataipanga kwa lugha ya darasani. Aipange kwanza, asikilizwe, achekwe kidogo, kisha aieleze picha ileile kwa Kiingereza siku hiyohiyo. Kinachobaki cha kupigania ni lugha peke yake, si macho na lugha kwa pamoja.

Kwenye lugha yenyewe Mswahili ana mashimo yake, na yanajulikana. Kiwakilishi chetu hakibagui mwanamume na mwanamke, basi katikati ya maelezo mama wa baiskeli hubadilika kuwa baba na kurudi tena kuwa mama. Kiambishi "-na-" hubeba kitendo kinachofanyika sasa hivi na kile cha kila siku, wakati Kiingereza hutenganisha, na picha karibu yote ni kitendo cha sasa hivi. Ile "-ni" ya mahali, mezani, ukutani, mfukoni, Kiingereza huigawa katika vihusishi kadhaa. Mashimo haya hayazibwi kwa orodha ya misamiati mikubwa. Mtu husikia kosa lake akijirekodi na kujisikiliza. Asiyejisikiliza hulirudia mpaka linakuwa tabia. Wengi hawapendi sauti zao kwenye simu. Watavumilia.

Picha za mitihani zina tatizo jingine ambalo si kosa la watahiniwa. Zimepigwa kwa macho ya kwingine: theluji inayofagiliwa mlangoni, mashine ya kukata nyasi, jiko lenye oveni ukutani. Saikolojia ina kumbukumbu mbaya hapa. Mwaka 1960 William Hudson alichapisha utafiti ambamo aliwaonyesha watu wa Afrika Kusini michoro ya mwindaji, tembo na paa. Walioshindwa kutambua ni mnyama yupi aliye karibu zaidi na mwindaji walihesabiwa kuwa na upungufu wa kuona umbali kwenye picha. Watafiti wa baadaye waliikosoa michoro yenyewe na namna maswali yalivyoulizwa. Mtahiniwa wa leo hana muda wa kukosoa. Akikutana na kifaa asichokijua jina, aseme kinafanya nini na kimeshikwaje, asonge mbele. Kukwama kutafuta jina kunakula sekunde, na katika PTE sekunde tatu tu zinafunga maikrofoni.

Wapo watakaosema haya yote ni kuwafunza watoto kwa ajili ya mashine za kampuni za Marekani na Uingereza, ili waondoke. Hoja ina uzito, maana wengi wa wanaofanya mitihani hii kweli wanaondoka. Lakini anayeweza kumweleza mtu asichokiona ndiye pia muuguzi anayempigia daktari simu saa nane za usiku, ndiye shahidi wa ajali mbele ya polisi, ndiye fundi anayemwambia muuza vipuri wa Kariakoo kifaa kilichovunjika kina umbo gani.

Hoja ya gharama ni ngumu zaidi. KCSE ina watahiniwa zaidi ya laki tisa kila mwaka, na kumsikiliza kila mmoja kwa Kiingereza kunahitaji jeshi la watahini ambalo wanafunzi wachache wa Kifaransa hawalihitaji. Kwa mtihani wa taifa, hilo linaeleweka. Kwa darasa la kila wiki halieleweki. Mitaala mipya, ukiwemo wa umilisi wa Kenya, imeshaweka kusikiliza na kuzungumza kama stadi inayojitegemea, na vitabu vya watoto wadogo vina picha za kujadili kabla ya kusoma. Mtoto wa darasa la pili huulizwa anaona nini. Kadiri anavyopanda madarasa, swali hilo linatoweka, na anakuja kuulizwa tena na kompyuta.

Mwalimu mwenye wanafunzi 60 akitaka kumsikiliza kila mmoja kwa sekunde 90 atatumia dakika 90, vipindi viwili vya dakika 40 na ziada. Akiwagawa wawili wawili kwa migongo, nusu ya darasa inasema kwa mpigo mmoja, wanabadilishana, na ndani ya dakika tano kila mtu ameeleza picha nzima huku mwalimu akipita kusikiliza watano au sita. Wiki ijayo anawasikiliza wengine. Kelele zitakuwa nyingi, na mwalimu wa darasa la jirani atakuja mlangoni kulalamika. Huyo naye apewe karatasi na penseli.